Lengo la Kusoma Vitabu kwa Mwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa msomaji wa kawaida: ana kazi, ana familia, anasoma zaidi kwa Kiswahili na pengine Kiingereza kidogo, na anataka mwaka huu asiishie kununua vitabu vya kupanga kabatini.

Lengo la kusoma la mwaka ni kitu gani hasa?

Unajiwekea idadi ya vitabu, kurasa au siku za kusoma kati ya Januari 1 na Desemba 31, halafu unaandika kila unachomaliza. Hakuna ada wala mwamuzi, na hakuna zawadi. Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu, uliieneza sana tabia hii ulipoanzisha changamoto yake ya mwaka mnamo 2011, ila kwetu kusoma kwa ratiba hakukuanzia kwenye intaneti. Qur'ani ina juzuu 30, na anayesoma juzuu moja kila siku ya Ramadhani anakhitimu mwezi unapoisha. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo sura tatu au nne kwa siku zinaimaliza ndani ya mwaka. Waliojaribu ratiba hiyo wanajua pia mahali wengi wanapokwama: mwishoni mwa Januari, Mwanzo na Kutoka vimekwisha, sasa ni Mambo ya Walawi. Vitabu vya kawaida navyo vina Mambo ya Walawi yao, na sehemu kubwa ya maswali yanayofuata inahusu kupita hapo.

Nianze na vitabu vingapi?

Vichache kuliko unavyofikiria. Watu hutaja 52 kwa sababu mwaka una wiki 52, si kwa sababu wamepiga hesabu. Basi tuipige.

Chukua kitabu ambacho hujakisoma. Weka simu mbali, soma dakika 20 kwa mwendo wako wa kila siku bila kukimbia, kisha hesabu kurasa. Tuseme umesoma 10, yaani dakika mbili kwa kila ukurasa. Vitabu 12 vyenye kurasa 200 kila kimoja ni kurasa 2,400, sawa na dakika 4,800, yaani saa 80 kwa mwaka mzima. Ukizigawa kwa siku 365 unapata dakika 13 hivi na kurasa zisizofika saba. Hilo linawezekana hata kwa mwenye mtoto mchanga. Vitabu 52 vya unene huohuo ni kurasa 10,400, karibu saa 347, yaani takriban saa nzima kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na siku za homa pia. Wapo wanaoweza. Jiulize kwanza saa hiyo utaitoa wapi.

Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi: angalia mwaka jana ulimaliza vingapi, ongeza viwili au vitatu. Kama jibu ni sifuri, na kwa watu wazima wengi waliomaliza shule jibu ndilo hilo, anza na sita. Sita ukivimaliza Agosti unaweza kuongeza. Arobaini ukiwa nyuma mwezi Machi utaliacha daftari na hutalifungua tena.

Nihesabu vitabu, kurasa au siku?

Wengi wanahesabu vitabu kwa sababu ni rahisi. Tatizo ni kwamba vitabu vyetu vinatofautiana mno. Utenzi wa Mwana Kupona una beti 102. Unaweza kuusoma kabla chai haijapoa, ingawa anayeusoma hivyo hajausoma. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert una beti zipatazo 3,000. Kwenye hesabu ya vitabu, kila mmoja ni "kimoja". Tamthilia fupi ni kimoja, na riwaya nene ni kimoja vilevile. Matokeo yake utaona ifikapo Novemba: mtu aliye nyuma anaanza kupitisha mkono kwenye kabati akitafuta kilicho chembamba kuliko vyote. Hapo lengo limeanza kumchagulia vitabu.

Na wembamba nao unadanganya. Nagona na Mzingile vya Euphrase Kezilahabi ni vyembamba kabisa, lakini aliyewahi kuvisoma anajua kwamba ukurasa mmoja unaweza kukurudisha nyuma mara tatu.

Ushauri wangu ni huu. Kama unasoma riwaya na vitabu vya maarifa, hesabu kurasa. Idadi ya vitabu iandike pembeni tu. Kama unasoma mashairi kwa wingi, hesabu siku, kwa mfano siku 250 ambazo umesoma angalau dakika 15, kwa kuwa diwani haisomwi kwa kukimbia. Kama ndiyo kwanza unarudi kusoma baada ya miaka mingi, hesabu siku pia. Siku unaimudu wewe. Kitabu kinaweza kukugomea.

Nini kinahesabika na nini hakihesabiki?

Hili ndilo swali linalozua ubishi kuliko yote, na dawa yake ni kuandika masharti yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kabla hujaanza. Hakuna kanuni ya dunia nzima. Ukishayaandika, Novemba huwezi kujibadilishia. Haya ni yangu, uyachukue au uyaache:

Kitabu cha kusikiliza kinahesabika. Mtu aliyesikiliza riwaya nzima akipika au akiwa kwenye foleni anaijua hadithi, wahusika na mwisho wake. Ila kihesabu kwa saa, usikibadilishe kuwa kurasa za kubuni.

Kurudia kitabu kunahesabika, na kuna vitabu vinavyostahili hasa. Watanzania wengi walisoma Takadini au Watoto wa Mama N'tilie sekondari, kalamu mkononi, wakiwinda fani na maudhui kwa ajili ya mtihani. Mkenya naye ana vitabu vyake teule alivyovisoma akikariri dondoo na muktadha wake. Visome tena ukiwa mtu mzima, pasipo mtu wa kukuuliza "jadili kwa hoja sita". Utakuta ni vitabu vingine.

Kitabu cha kazi au chuo kinahesabika ukikisoma mwanzo hadi mwisho. Sura mbili ulizosoma kwa ajili ya semina andika kurasa zake tu.

Magazeti, makala na nyuzi ndefu za mtandaoni: hapana. Si kwamba hazina maana; ni kwamba hutaweza kuzihesabu, na lengo lisilohesabika halifuatiliki.

Msahafu na Biblia: wengi huviweka kwenye ukurasa wao, mbali na hesabu nyingine, na naona wana busara. Ibada haihitaji kushindanishwa na riwaya ya upelelezi.

Vitabu ninavyowasomea watoto je?

Vipe mstari wao. Hadithi ya kurasa 16 ikisomwa usiku tisa mfululizo kwa sababu mtoto kaikatalia nyingine zote, itakufikisha kwenye lengo kabla ya Pasaka. Lakini iandike, maana baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa kumbukumbu yake. Kama nyumbani vitabu vya watoto ni haba, mradi wa African Storybook una hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, bure, za kusoma kwenye simu au kuchapisha.

Kitabu nilichoanza mwaka jana nikakimaliza Januari kiko mwaka gani?

Anayehesabu vitabu aangalie tarehe ya kumaliza, kwa hiyo ni cha mwaka huu. Anayehesabu kurasa achukue zile alizozisoma kuanzia Januari 1 tu.

Nimefika katikati na kitabu kinanichosha. Nilazimike kukimaliza?

Hapana. Shule ndiyo iliyotuzoesha kwamba kuacha kitabu ni utovu wa nidhamu. Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl ana kanuni inayojulikana sana: kipe kitabu kurasa 50, kikishindwa kukushika, kiweke chini. Ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na jibu ndiyo idadi ya kurasa unazokidai. Mwenye miaka 62 anasubiri kurasa 38 tu, kwa kuwa muda wake umezidi kuwa ghali.

Andika kwenye daftari kwamba umekiacha, ukurasa gani, na sababu kwa maneno machache. "Nimeacha uk. 61, wahusika wengi na majina yanafanana" ni taarifa nzuri. Ukiwa na tano za aina hiyo utajua jambo kuhusu unachopenda ambalo orodha ya vitabu ulivyomaliza haiwezi kukuambia. Na kama unahesabu kurasa, hizo 61 ni zako, hazipotei. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda kurasa: anayehesabu vitabu huburuta kitabu kibovu wiki sita kwa kuogopa kupoteza "kimoja".

Nirekodi wapi: daftari, jedwali la kompyuta au programu ya simu?

Popote utakapofika bila kutafuta. Daftari la kurasa 96 linatosha mwaka mzima na halihitaji bando. Gawa ukurasa kwa mistari: namba, jina la kitabu na mwandishi, aina, umekipata wapi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kurasa. Chini yake acha mistari mitatu ya maoni. Usiache kumi, utaanza kuiogopa.

Ingizo moja linaweza kuwa hivi:

*Na. 3. Vuta N'kuvute, Adam Shafi. Riwaya. Nimeazima kwa shemeji (kirudi kabla ya Idd!). Nimeanza 2/2, nimemaliza 24/2. Yasmin kumkimbia Raza sikushangaa. Nilichoshangaa ni Denge, mtu asiye na nafasi ya kupendwa kwa sababu ya siasa. Sura za mwisho nimezimaliza usiku mmoja. Nitafute Kuli.*

Angalia vitu viwili hapo. Kwanza, jina la mwenye kitabu limeandikwa. Vitabu vya kuazima vinapotea kwa kusahaulika kuliko kwa kuibwa. Pili, maoni yanaishia kwenye kitabu kinachofuata. Anayemaliza kitabu bila kujua cha mbele ni kipi hukaa wiki mbili akikivizia, na wiki mbili zikiwa nne, mazoea yamekatika.

Jedwali la Excel au Google Sheets linafaa kwa anayependa hesabu, kwani linajumlisha lenyewe. Programu za simu zina raha ya picha za majalada na michoro. Goodreads inahesabu vitabu, na kitabu hakiingii kwenye changamoto mpaka ukiwekee tarehe ya kumaliza iliyo ndani ya mwaka husika; ukiona hesabu yako imepungua, angalia tarehe kwanza. StoryGraph, iliyoanzishwa na Nadia Odunayo, inakuruhusu kuweka lengo la vitabu, kurasa au saa. Kwa mtu anayefuata ushauri wangu wa kurasa, hiyo ya pili ndiyo yenyewe.

Usitumie zote tatu. Utatumia muda mwingi kurekodi kuliko kusoma.

Vitabu vyangu vya Kiswahili sivioni kwenye hizo programu.

Vingi havipo kweli, au vipo kwa jina lililokosewa herufi. Jaribu kwanza kutafuta kwa jina la mwandishi, kisha kwa namba ya ISBN iliyo nyuma ya jalada. Vichapo vya zamani, hasa vya kabla ya miaka ya 1970, mara nyingi havina ISBN kabisa. Hapo ongeza kitabu kwa mkono: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, kurasa. Ni kazi ya dakika tano, na atakayekuja baada yako atakikuta. Kagua ukurasa wa hakimiliki ndani ya kitabu uchukue mwaka wa toleo ulilo nalo, kwa kuwa riwaya zetu maarufu zimechapishwa upya mara nyingi na kurasa hazilingani.

Ninasoma kwenye simu, na idadi ya kurasa inabadilika kila nikikuza maandishi.

Ndivyo zilivyo. Tumia asilimia. Tafuta idadi ya kurasa za toleo la karatasi. Ukiwa umefika asilimia 40 ya kitabu cha kurasa 250, umesoma 100. PDF haina shida hiyo kwa kuwa kurasa zake hazibadiliki.

Na kwa kuwa PDF zimetajwa: zile za riwaya zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp zimepigwa picha kutoka kwenye vitabu vya watu. Kwenye lengo lako zinahesabika, kwenye mapato ya mwandishi hazihesabiki. Mwandishi wa Kiswahili hauzi mamilioni ya nakala. Kama kitabu chake bado kiko dukani, kinunue au kiazime maktaba.

Nitajuaje kama niko mbele au nyuma?

Zidisha lengo kwa siku zilizokwisha kupita, gawa kwa 365. Mfano: lengo ni kurasa 2,400 na leo ni Aprili 30, siku ya 120. Ulitakiwa kuwa kwenye 789. Umesoma 600, kwa hiyo uko nyuma kwa 189. Inasikitisha mpaka uendelee na hesabu: zimebaki kurasa 1,800 na siku 245, yaani kurasa saba na ushei kwa siku. Mwanzo wa mwaka zilikuwa sita na nusu. Umeongezewa ukurasa mmoja tu kwa siku.

Fanya hesabu hii mara moja kwa mwezi. Kila siku ni kujitesa. Mapitio makubwa ya nusu mwaka yafanye Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani. Ni siku ya 188 ya mwaka, na tarehe hiyo ni rahisi kuikumbuka.

Nimekaa miezi mitatu bila kufungua kitabu. Nifute lengo?

Lipunguze, usilifute. Piga hesabu ya siku zilizobaki kwa mwendo wa kurasa tano kwa siku, jibu liandike kama lengo jipya, na lile la zamani lichore mstari mmoja ili libaki likisomeka. Halafu usirudi kwenye kitabu ulichokwama nacho. Chukua kinachoteleza. Hadithi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla zimewarudisha wengi kwenye kusoma, kwa kuwa ukishajua kuna maiti na kuna siri, huwezi kulala kabla hujajua nani kafanya nini. Ukimaliza kimoja cha aina hiyo kwa siku nne, miezi mitatu ile utaisahau.

Muda naupata wapi?

Kwenye vipande. Anayeishi Dar es Salaam au Nairobi ana foleni, awe kwenye daladala, mwendokasi au matatu. Ukipata kiti, kurasa saba zinaisha kabla hujafika, ukisimama sikiliza. Benki, hospitali na ofisi za serikali zina mabenchi ya kusubiria, na umeme ukikatika, televisheni inanyamaza na simu yenye chaji inakuwa kitabu. Kinachotakiwa ni kitabu kuwemo kwenye mkoba wakati huo. Waliokibeba wamesoma. Walioacha kitandani wamepitia video.

Usiku kabla ya kulala ni wakati mzuri kwa wengine, lakini kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri usiku ni kurasa mbili na usingizi. Huyo ajaribu mapema, wakati chai inachemka.

Ramadhani, mitihani na msimu wa kilimo vinavuruga ratiba yangu.

Vipange kama unavyopanga ada za shule: unajua vinakuja. Ramadhani inawahi kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo usinakili mpango wa mwaka uliopita. Toa siku hizo kwenye hesabu tangu mwanzo. Mwaka wenye siku 365, ukitoa 30 za mfungo na 35 za mitihani, ni mwaka wa siku 300 za kusoma, na kurasa 2,400 zinakuwa nane kwa siku. Anayelima naye atoe wiki za kupanda na kuvuna.

Vitabu navipata wapi bila kumaliza mshahara?

Maktaba kwanza, maana watu wanazisahau. Tanzania ina Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, na maktaba za mikoa, zote chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Nairobi kuna McMillan, iliyofunguliwa 1931, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara kwa wakazi wa Eastlands. Nenda uulize kadi ya uanachama na masharti ya kuazima. Rafu za Kiswahili zina vichapo ambavyo madukani vilishakwisha.

Vitabu vya mitumba vinavyopangwa barabarani ni hazina na ni kamari. Kabla hujalipa, fungua katikati na mwisho uone kama kurasa zote zipo. Nimeona riwaya za upelelezi zinazouzwa bila ukurasa wa mwisho, na kwa vitabu vya aina hiyo huo ni ukatili.

Aliye Muscat, Toronto au Minneapolis ana shida tofauti: vitabu vipo, posta ndiyo ghali. African Books Collective inasambaza nje ya Afrika vitabu vya wachapishaji kadhaa wa bara hili, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakiwemo. Njia ya zamani bado inafanya kazi pia: ndugu anayekuja akuletee vitabu vitatu kwenye begi, pamoja na dagaa.

Nisome nini? Nikitoka shule nilijua majina manne tu.

Sitakupa orodha ya vitabu 12, kwa kuwa orodha ya mtu mwingine ndiyo njia ya haraka ya kurudi kwenye usomaji wa mtihani. Nitakupa mgawanyo. Nusu ya lengo iwe vitabu vya raha tupu, usione haya. Robo iwe waandishi ambao hujawahi kuwagusa. Robo iliyobaki iwe aina ambayo huwa unaikwepa: ushairi kwa mpenda riwaya, wasifu kwa mpenda hadithi.

Kama umemsoma Shaaban Robert peke yake, hamia kwa Wazanzibari wa miaka ya 1970 na kuendelea: Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed, Adam Shafi. Kizazi hicho kilijua kusimulia, na Kiswahili chao kitakupeleka kwenye kamusi mara mojamoja. Toka huko uende bara kwa Kezilahabi, kisha Kenya kwa Ken Walibora na Clara Momanyi. Tafsiri zisikupite: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, sasa anasomeka kwa Kiswahili katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa vipya, fuatilia washindi wa Tuzo ya Safal-Cornell na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.

Nisome vitabu viwili kwa pamoja?

Viwili sawa, kama havifanani: riwaya ya mchana na mashairi ya usiku, au cha karatasi nyumbani na cha kusikiliza njiani. Riwaya mbili kwa wakati mmoja ni mshika mawili. Utamkuta mjomba wa kitabu hiki amehamia kwenye kile.

Tumeunda kikundi cha watu sita, lakini nakala ni moja.

Msilazimishe kitabu kimoja kwa mwezi. Chagueni mwandishi mmoja kwa miezi mitatu, kila mtu atafute kitabu chake chochote, kisha mzungushane. Mkikutana, kila mmoja anasimulia chake bila kufichua mwisho, na mnagundua wenyewe mambo ambayo mwandishi haachi kuyarudia. Wekeni daftari moja la nani ana nini. Msishindanishe idadi, ndani ya kikundi kuna mwalimu aliye likizo na kuna muuguzi wa zamu za usiku, na jedwali la ushindi litamfukuza muuguzi.

Kuweka majalada kwenye status ni kujionyesha?

Kidogo, ndiyo, na hakuna ubaya. Jalada moja kwenye status huleta maswali "umekipata wapi?" na "ukimaliza niazime". Picha ya mrundikano wa vitabu ambavyo hujavifungua ni jambo jingine.

Ninaweza kuanza Juni?

Anza leo. Lengo la kurasa saba kwa siku kuanzia Juni 1 hadi Desemba 31 ni siku 214, kurasa 1,498, vitabu saba vya kurasa 200 na kipande. Andika tarehe ya kuanza kwenye jalada la daftari ili usijilinganishe na aliyeanza Januari.

Desemba 31 imefika na nimemaliza vitabu tisa kati ya 12. Niandike nini?

Andika tisa. Usivute tamthilia tatu usiku wa mkesha kwa ajili ya namba. Pitia orodha uone ni mwezi gani ulisoma zaidi na ulikuwa unasoma nini, kwa kuwa hapo ndipo penye lengo la mwakani. Tisa mwaka huu inamaanisha 11 au 12 mwaka ujao, si 20. Rudisha vya watu. Na kile cha kumi, ambacho umefika nacho ukurasa wa 140, kiandike kwenye daftari jipya kikiwa na kurasa zilizobaki tu, pamoja na tarehe yake ileile ya kuanza.